Salfa Kati ya Platini Mbili: Historia ya Mmenyuko wa Kumethilisha

Kampaundi ambayo wanakemia huiandika kwa fomula [Pt2(μ-S)2(PPh3)4] ina atomu mbili za platini zilizounganishwa na atomu mbili za salfa. Kila platini imeshikwa pia na molekuli mbili za trifenilifosfini, ambayo ni fosforasi iliyozungukwa na pete tatu za kaboni. Alama μ humaanisha kwamba salfa ni daraja, kwa kuwa imefungamana na platini zote mbili kwa wakati mmoja. Kampaundi hii ni unga wa rangi ya chungwa usioyeyuka vizuri katika methanoli. Ukitiwa iodidi ya methili, unga huo huanza kumenyuka na kuyeyuka, na mwishowe hubaki myeyusho mwangavu wa rangi ya manjano. Kundi la methili, yaani kaboni moja yenye haidrojeni tatu, limehama kutoka kwenye iodini na kutua juu ya salfa, wala si juu ya platini. Kuhama huko ndiko kumethilishwa kwa daraja la salfa. Mmenyuko wenyewe ulielezwa kwa mara ya kwanza miaka ya mwanzo ya 1970, lakini maswali yaliyouzaa ni ya zamani zaidi.

Platini na salfa zilikutana ardhini kabla ya kukutana maabarani. Mwaka 1924 mwanajiolojia Hans Merensky alifuatilia mwamba wenye platini huko Transvaal, Afrika Kusini, na tangu hapo mwamba huo ukabeba jina lake. Miongoni mwa madini ya eneo hilo kuna kuperaiti, salfidi ya platini iliyopewa jina la mkemia R. A. Cooper. Wataalamu wa madini wa London, Bannister na Hey, walipoichunguza kwa eksirei na kuchapisha matokeo yao mwaka 1932, waliona kila platini imezungukwa na salfa nne katika umbo la mraba, na kila salfa imeshikwa na platini nne. Maana yake ni kwamba ndani ya jiwe hilo hakuna salfa isiyo daraja. Mvuto kati ya elementi hizi mbili ni mkubwa kiasi hicho, na ndiyo sababu wahandisi wa vichocheo wamekuwa wakiiogopa salfa. Kiasi kidogo tu cha salfidi ya haidrojeni hukaa juu ya uso wa platini na kuuzima. Kwa muda mrefu ilionekana kwamba salfa ikishafungamana na platini, habari yake imekwisha. Kampaundi ya platini mbili ilikuja kuonyesha kwamba sivyo.

Mtu wa kwanza kufanya kazi kubwa katika pande zote mbili alikuwa Mdenmarki, William Christopher Zeise, aliyezaliwa mwaka 1789 na kufundisha kemia mjini Copenhagen. Mwanzoni mwa miaka ya 1820 alitengeneza zanthati, ambazo ni kampaundi za salfa. Kabla ya muongo huo kwisha alikuwa amepata chumvi ya manjano ya platini yenye ethilini ndani yake, na hiyo ndiyo kampaundi ya kwanza kujulikana ambamo molekuli ya kaboni imeshikwa na metali ya aina hiyo. Mwaka 1834 alieleza thioli, kampaundi zenye harufu kali ambamo salfa imebeba haidrojeni upande mmoja na kundi la kaboni upande wa pili. Justus von Liebig wa Ujerumani alipinga maelezo yake kuhusu chumvi ya platini, na ubishi huo haukuisha hadi Karl Birnbaum alipoitengeneza chumvi hiyo kwa kutumia ethilini yenyewe mwaka 1868. Zeise alikuwa ameshafariki mwaka 1847. Alikuwa na vitu vyote mkononi, platini, salfa na kaboni, lakini hakuna mtu wa zama zake aliyejua atomu hupangwaje ndani ya molekuli.

Katika miaka hiyohiyo ya 1830 Jean-Baptiste Dumas na Eugène Péligot walikuwa Paris wakichunguza pombe ya kuni, ile inayoitwa methanoli leo. Kazi yao ya mwaka 1835 ndiyo iliyolitambulisha kundi la methili kwa wanakemia, pamoja na vitu viwili vilivyokuja kuwa nguzo za historia hii, iodidi ya methili na salfeti ya dimethili. Miaka thelathini baadaye Adolf von Oefele alionyesha kwamba salfa iliyokwisha kubeba makundi mawili ya kaboni huweza kupokea la tatu na kugeuka kuwa ioni yenye chaji chanya. Salfa ya kawaida, isiyo na metali, ilijulikana basi kuwa na uwezo wa kuchukua methili. Swali lililobaki ni kama uwezo huo huendelea salfa inapokuwa imeshikwa na metali.

Majaribio ya kuweka salfa kwenye platini yaliendelea hasa mjini Lund, Sweden, ambako Christian Wilhelm Blomstrand na wanafunzi wake walitengeneza kampaundi nyingi za platini na salfidi za ogania katika miaka ya 1880. Blomstrand aliamini kwamba vijenzi vya kampaundi hizo hupangwa kwa mnyororo. Nadharia hiyo iliangushwa na Alfred Werner mwaka 1893, aliposema kwamba platini yenye chaji mbili hushika vitu vinne kuizunguka katika bapa moja la mraba. Nadharia ya Lund ilikufa lakini vipimo vyake vikabaki, na Werner mwenyewe alihitaji data za wapinzani wake ili kuwashinda. Karibu na wakati huo Nikolai Kurnakov wa Urusi aligundua kwamba thiourea, kampaundi nyingine yenye salfa, huweza kutofautisha aina mbili za kampaundi za platini zenye fomula moja lakini mpangilio tofauti. Mwaka 1926 Ilya Chernyaev wa Leningrad alitoa kanuni kwamba kila kitu kinachoshikwa na platini huathiri kile kilicho upande wa pili wa mraba, ng'ambo yake. Kanuni hiyo ilikuja kuwa ufunguo wa kusoma matokeo ya kumethilisha, ingawa Chernyaev hakuwa na methili akilini.

Mwanzoni mwa karne ya 20 vipande viwili vikubwa vilikuwa tayari, kila kimoja mahali pake. Mwaka 1903 Karl Andreas Hofmann na F. Höchtlen walitengeneza chumvi ya amoniamu ambayo kiini chake ni platini moja iliyozungukwa na salfa kumi na tano, zikiwa zimejipanga katika pete tatu. Mnamo 1907 William Jackson Pope na Stanley Peachey wa Uingereza walipata iodidi ya trimethiliplatini, ambamo methili tatu zimefungamana na platini yenyewe. Kwa hiyo ilijulikana kwamba platini huweza kushika salfa nyingi, na huweza kushika methili. Kampaundi ikiwa na platini na salfa kwa pamoja, methili ikaletwa, itakwenda wapi? Hakuna aliyeuliza swali hilo kwa miongo sita.

Aliyeandaa njia ya kuliuliza alikuwa Joseph Chatt, mtoto wa kaskazini mwa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1914. Baada ya vita vya pili vya dunia aliongoza kikundi cha utafiti katika maabara za kampuni ya ICI huko Welwyn, na humo platini na fosfini zikawa kazi yake ya kila siku. Katika miaka ya 1950 kikundi chake kilitengeneza kampaundi za platini mbili zilizounganishwa na thiolati, yaani salfa ambayo tayari imebeba kundi la kaboni. Mwaka 1958, pamoja na Sten Ahrland wa Sweden na N. R. Davies, alizigawa metali katika makundi mawili kulingana na vitu zinavyovipenda. Platini iliwekwa katika kundi linalopendelea salfa na fosforasi kuliko oksijeni na nitrojeni. Mwaka uliofuata Chatt na Bernard Shaw walichapisha kazi juu ya kampaundi za platini zenye methili, ambazo zikikutana na iodidi ya methili huichukua kwenye platini, na platini hupanda kutoka chaji mbili hadi nne. Hii ndiyo njia ambayo mkemia yeyote wa miaka ya 1960 angeitazamia.

Chatt alihamia Chuo Kikuu cha Sussex akiwa mkuu wa kitengo cha kuchunguza jinsi bakteria wanavyonasa nitrojeni ya hewani. Vimeng'enya vya kazi hiyo vina chuma, molibdeni na salfa ndani yake, kwa hiyo salfa kama daraja kati ya metali lilikuwa jambo la kuangaliwa kwa makini. Mwanafunzi wake Michael Mingos alishughulikia salfidi za platini zenye fosfini, na makala yao ya mwaka 1970 ilieleza kampaundi zenye kiini cha platini mbili na salfa mbili, pamoja na nyingine ambazo kiini hicho kilikuwa kimeongeza platini ya tatu. Hapo palikuwa na dokezo zito. Ili platini ya tatu iingie, lazima salfa za daraja ziwe bado na elektroni za kutoa.

Jibu la wazi lilitoka Milan. Lamberto Malatesta alikuwa amejenga huko shule imara ya kemia ya metali, na mwaka 1958 yeye na Cariello walikuwa wametengeneza platini isiyo na chaji, iliyoshikwa na trifenilifosfini peke yake. Renato Ugo na wenzake waliichukua platini hiyo na kuikutanisha na salfidi ya haidrojeni na salfa tupu. Katika ripoti yao ya mwaka 1971 walieleza kampaundi ya rangi ya chungwa yenye platini mbili na salfa mbili, na kwamba iodidi ya methili huigeuza kuwa chumvi. Platini haikupanda chaji. Salfa moja ilikuwa imekuwa thiolati, na molekuli nzima ikawa na chaji moja chanya, huku iodidi ikikaa kando kama ioni hasi.

Sababu yake inaeleweka kwa kuhesabu elektroni. Salfa yenye chaji mbili hasi hutumia jozi mbili za elektroni kufungamana na platini mbili, na jozi mbili hubaki bila kazi. Platini zenyewe zimekwisha kushikwa kila upande na ni tajiri wa elektroni kwa sababu ya fosfini, kwa hiyo haziwezi kuipunguzia salfa utajiri wake. Salfa huishambulia kaboni ya methili kwa nyuma, upande ulio kinyume na iodini, na iodini hutoka na elektroni zake. Platini yenye chaji mbili katika mazingira hayo ni mvivu zaidi kuliko salfa iliyo jirani yake. Ukweli kwamba kitu kilichodhaniwa kuwa sumu ya platini ndicho chenye uhai mkubwa zaidi katika molekuli hii ni ugunduzi ulio bora zaidi kuliko inavyoonyeshwa na nafasi ndogo uliyopewa katika ripoti ya kwanza.

Mingos alipokuwa Oxford, aliirudia kampaundi ya Milan mwanzoni mwa miaka ya 1980 akiwa na kundi la vijana, miongoni mwao Andy Hor kutoka Hong Kong. Njia ya kuitengeneza ilikuwa imerahisishwa, kwani platini yenye kloridi mbili na fosfini mbili hukorogwa na salfidi ya sodiamu katika benzeni. Walipata daraja ambalo huweza kubeba fedha, shaba na metali nyingine nyingi, na walitumia iodidi ya methili na kampaundi za jamii yake kupima ukarimu wa salfa. Fuwele zilizochunguzwa kwa eksirei zilionyesha kwamba platini mbili na salfa mbili hazilali katika bapa moja. Kiini kimejikunja katika mstari wa salfa mbili, mfano wa kitabu kilichofunguliwa nusu, na methili imesimama juu ya salfa moja ikielekea nje. Salfa ya pili ilibaki bila kitu.

Mbali na eksirei, kulikuwa na chombo kinachosoma mwitiko wa viini vya atomu ndani ya sumaku, na historia ya mmenyuko huu isingeandikika bila chombo hicho. Kiini cha fosforasi huonekana humo kwa urahisi. Platini ina aina kadhaa za atomu, na ni platini 195 peke yake, takriban theluthi moja ya platini yote, inayoathiri ishara ya fosforasi iliyoifunga. Kwa hiyo kila mstari wa fosforasi huambatana na mistari miwili midogo pembeni, na umbali kati ya mistari hiyo hueleza nguvu ya kifungo. Kabla ya kumethilisha, fosforasi zote nne ni sawa na hutoa ishara moja. Methili ikishatua, zinagawanyika makundi mawili, yaani mbili zilizo ng'ambo ya salfa tupu na mbili zilizo ng'ambo ya salfa yenye methili. Salfa tupu huidhoofisha fosforasi ya ng'ambo yake zaidi, kama kanuni ya Chernyaev inavyodokeza, na thiolati huidhoofisha kidogo. Mtafiti anayetazama karatasi ya mistari hiyo hujua papo hapo kama daraja moja limebeba methili, kama yote mawili yamebeba, au kama hakuna.

Hor alihamia Singapore kufundisha katika Chuo Kikuu cha Taifa, na kazi ikaenda naye. Huko alishirikiana na William Henderson wa Chuo Kikuu cha Waikato mjini Hamilton, New Zealand, mtaalamu wa kupima tungamo za molekuli kwa kuzinyunyiza katika umeme. Mbinu hiyo, ambayo John Fenn alipewa Tuzo ya Nobel kwa ajili yake mwaka 2002, hutoa ioni kutoka kwenye myeyusho bila kuzivunja. Kwa kampaundi hii ilifaa kuliko nyingine yoyote. Molekuli isiyo na chaji huchukua protoni moja kwenye salfa na kuonekana kwenye tungamo ya 1504. Ikimethilishwa mara moja huonekana kwenye 1518, bila haja ya kusafishwa wala kusubiri fuwele. Tone moja la mchanganyiko lilitosha kujua kilichotokea, na kwa njia hiyo makundi ya Singapore na Hamilton yalipima mamia ya uwezekano kwa muda ambao zamani ungetosha kwa michache tu. Mwaka 1999 Hor na S.-W. Audi Fong walichapisha mapitio marefu ya metali zote ambazo kiini hiki kilikuwa kimezibeba.

Tatizo moja lilikuwa limebaki tangu Milan, nalo lilikuwa methili ya pili. Methili ya kwanza ikishaingia, molekuli nzima huwa na chaji chanya, na salfa iliyobaki hupungukiwa hamu ya kutoa elektroni. Iodidi ya methili, hata ikiongezwa kwa wingi, huenda polepole. Isitoshe, ioni ya iodidi iliyotolewa katika hatua ya kwanza haikai kimya. Salfa ya pili inapoanza kuchukua methili na chaji kupanda, iodidi hurudi na kuisukuma fosfini moja itoke kwenye platini, ikaishia kunyakua methili nyingine nje. Kinachopatikana si kile kilichokusudiwa.

Katikati ya miaka ya 2000 Henderson, Hor na mwenzao Chong waliliendea tatizo hili kwa kubadilisha mleta methili. Salfeti ya dimethili, ileile iliyotoka kwa Dumas na Péligot, huachia methili kwa urahisi zaidi kuliko iodidi. Muhimu zaidi, ioni hasi inayobaki nyuma haina hamu ya kufungamana na platini, kwa hiyo fosfini zote nne hubaki mahali pake. Ikitumiwa kwa wingi, hatua ya kwanza huisha haraka na ya pili hufuata, na hatimaye kila salfa hubeba methili yake. Kwenye chombo cha kupima tungamo, ioni yenye chaji mbili huonekana karibu na 767, nusu ya tungamo yake halisi, na vilele vyake hupishana kwa nusu badala ya moja. Alama hiyo haiwezi kufananishwa na nyingine. Ni vema kutaja kwamba salfeti ya dimethili ni sumu kali inayopenya ngozi na haina harufu ya kutosha kumwonya mtu, kwa hiyo hushughulikiwa ndani ya kabati lenye feni ya kuvuta hewa na kwa glovu zinazofaa.

Mlango huo ulipofunguka, kumethilisha kukawa hatua ya ujenzi. Salfa ya kwanza ilipewa kundi la kaboni lolote, refu au lenye pete, kwa kutumia halidi ya kawaida, kisha salfa ya pili ikapewa methili kwa salfeti ya dimethili. Matokeo yake ni platini mbili zenye madaraja mawili yasiyofanana, kitu ambacho njia ya Chatt ya miaka ya 1950 haikuweza kukitoa kwa mpango. Makundi mawili juu ya salfa yanaweza pia kuelekea upande mmoja wa bapa au pande tofauti, na mistari ya fosforasi husaidia kuzitenganisha hali hizo.

Wakati huohuo, katika Chuo Kikuu Huru cha Barcelona, Pilar González-Duarte na Agustí Lledós waliunganisha maabara na hesabu za kompyuta kueleza kwa nini kiini hujikunja, na jinsi aina ya fosfini inavyobadilisha nguvu ya salfa. Walionyesha kwamba dikloromethani, kiyeyushi ambacho wanakemia wengi hukiona kama chombo tu cha kubebea vitu, humenyuka na salfa hizi. Kaboni yake moja huungana na salfa zote mbili kwa mpigo, na baadhi ya matokeo ya ajabu ya zamani yalipata maelezo. Mwaka 2008 kundi hilo liliripoti kwamba salfa za kiini hicho huweza kukivunja hata kifungo cha kaboni na florini katika pete za aromati zenye florini nyingi, mojawapo ya vifungo vigumu zaidi katika kemia ya kaboni. Kampaundi ya jamaa, ambamo seleni imechukua nafasi ya salfa, imefuatiliwa pia huko Singapore na Hamilton, na nayo huchukua makundi ya kaboni kwenye daraja lake kama salfa inavyofanya.